Kwa Baiskeli Mpaka Kazini: Njia za Lubumbashi Alfajiri na Jioni

Mji wa Lubumbashi hauamki wote kwa mara moja. Huamka kwanza pembezoni, katika mitaa ya Ruashi, Katuba na Kenya, na mbali zaidi katika vijiji vilivyo kando ya njia za Kipushi, Likasi na Kasumbalesa. Kutoka huko mwamko hufuata barabara polepole hata katikati ya mji, penye ofisi, maduka na shule kubwa. Saa 11 alfajiri kungali giza, na katika miezi ya baridi pumzi ya mtu huonekana mbele ya kinywa chake kama moshi. Kabla ya mabasi madogo kuanza kupiga honi, na kabla ya vijana wa pikipiki, wale waitwao manseba, kujaa kwenye njia panda, iko sauti nyingine barabarani: mnyororo unaolia kwa kukosa mafuta, madigadi inayogongagonga, na watu wawili watatu wanaosalimiana gizani bila kuonana nyuso. Hao ndio waendao kazini kwa baiskeli. Katika Katanga tunaiita kinga. Anayeulizia baiskeli sokoni ataeleweka na kuhudumiwa vema, ila muuzaji atajua mara moja kwamba mbele yake amesimama mgeni.

Ukisimama kando ya barabara wakati huo, utawatambua kwa mizigo yao. Mwashi amefunga mwiko na pimamaji kwa kamba juu ya kibebeo cha nyuma. Seremala ameupitisha msumeno kati ya tandiko na usukani, nao umefungwa kitambaa kwenye meno. Mlinzi wa usiku anakuja upande wa pili, akirudi nyumbani, koti lake kubwa limefungwa mpaka shingoni. Mwalimu ana mfuko wa madaftari, na suruali yake ameibana kwenye kifundo cha mguu ili isiliwe na mnyororo. Mama mmoja anasukuma kinga yenye beseni la mikate. Haipandi, maana mzigo umechukua nafasi yake.

KWA NINI KAZI IKO MBALI NA NYUMBA

Umbali huu haukutokea kwa bahati. Mji ulianzishwa mwaka 1910, mwaka ule ule reli iliyotoka kusini katika nchi iliyoitwa Rhodesia ilipofika hapa. Mwaka uliofuata tanuru la Union Minière lilitoa shaba yake ya kwanza. Wabelgiji waliouchora mji wakauita Élisabethville, wakaweka mtaa wa Wazungu upande mmoja na mtaa wa Waafrika upande wa pili, na katikati wakaacha uwanda mtupu usiojengwa, wenye upana wa mamia ya mita. Walisema ni kwa ajili ya kuzuia magonjwa. Mtaa wa kwanza wa Waafrika ndio ule uitwao sasa Kamalondo. Ukaja mtaa wa Kenya, na katika miaka ya 1950 zikajengwa Katuba na Ruashi. Mstari ulichorwa ofisini kwa kalamu na rula; aliyeulipia ni baba wa jamaa, kwa miguu yake, kila siku ya kazi.

Wafanyakazi wa kampani yenyewe walikaa katika makambi karibu na tanuru, chini ya ule mnara mrefu wa moshi na lile lundo jeusi la masalio ya shaba ambayo hata leo mgeni huyaona kabla ya kuona kitu kingine chochote cha mji. Lakini karani wa duka, mpishi, fundi cherehani na mtumishi wa posta walitoka mitaani. Ndiyo sababu katika miaka ile ya 1950 kinga ilikuwa miongoni mwa vitu vya kwanza ambavyo mfanyakazi alinunua kwa akiba yake, pamoja na cherehani ya mkewe. Mwenye kinga alikuwa mtu wa heshima. Aliifuta vumbi kila Jumapili, akaipaka mafuta, na wengine waliivika tandiko kitambaa kilichofumwa kwa mkono.

Heshima ile imepungua, na mimi naona ni hasara. Kijana wa leo anataka pikipiki, na akiwa na kinga huificha nyuma ya nyumba mchumba anapokuja. Hata hivyo kinga haikuondoka. Kampani ya shaba ilitwaliwa na Serikali mwaka 1967, baadaye ikaitwa Gécamines. Na ilipodhoofika, mwaka 2003 zaidi ya wafanyakazi 10,000 waliondoka kwa kupokea malipo ya mwisho. Wengi walikuwa wamekaa maisha yao yote hatua chache kutoka kazini. Ghafula riziki ikawa mbali: shamba la mahindi lililo kilomita 20 nje ya mji, kibarua cha ujenzi upande mwingine wa mji, au biashara ndogo ya kubeba samaki na unga. Kinga iliyokuwa imening'inizwa ukutani ikashushwa.

HESABU YA SAA NA YA NAULI

Mtu mzima mwenye afya hutembea kilomita 5 kwa saa. Juu ya kinga ya kawaida, ile nzito ya chuma isiyo na gia, asipojihimiza sana huenda kilomita 12 mpaka 15. Kutoka Ruashi mpaka katikati ya mji ni kama kilomita 10. Kwa miguu ni saa 2. Kwa kinga ni dakika 40 mpaka 50. Basi mwenye kwenda na kurudi anapata zaidi ya saa 2 kila siku, na kwa juma la siku 6 za kazi anapata karibu saa 14. Hizo ni saa za kulala, za kuangalia daftari za watoto, au za kulima bustani nyuma ya nyumba.

Basi dogo laweza kwenda haraka kuliko kinga, lakini laweza pia kusimama nusu saa likingoja kujaa, na bei yake hupanda mafuta yanapoadimika. Sitaji bei hapa, kwa maana franka ya leo si franka ya mwezi ujao, na gazeti hudumu nyumbani kuliko bei. Nawashauri baba na mama waketi pamoja na kuandika katika daftari nauli zote za miezi 3, bila kuficha hata ile ya siku ya mvua. Kando yake waandike bei ya kinga iliyotumika, pamoja na mipira 2 ya nje, mipira 2 ya ndani, vipande vya breki, mnyororo na taa. Vifaa hivi visiachwe nje ya hesabu. Jamaa nyingi hununua kinga kwa fedha yote iliyopo, kisha hukosa fedha ya breki, na baba huteremka mlimani akijizuia kwa soli ya kiatu.

NJIA YA LIKASI

Anayetaka kuona nguvu ya kinga asibaki mjini. Achukue njia ya Likasi, mji ulio kilomita 120 hivi kaskazini-magharibi. Hapo ndipo wanapopita watu wa makala. Nchi hii ni ya miombo, msitu mwembamba wenye miti iliyoachana, na katikati yake vichuguu vikubwa vya mchwa, vingine virefu kuliko nyumba, ambavyo udongo wake hutumika kufyatua matofali ya mji. Miti hiyo hukatwa na kuchomwa chini ya udongo, na makala yake hupakiwa magunia juu ya magunia, mpaka kwa mbali huoni tena kinga wala mtu. Unaona lundo linalosogea lenyewe.

Kinga ya makala imetengenezwa upya na wachomeleaji. Uma wa mbele umeongezewa fito za chuma, kibebeo ni cha nondo, na spoki za gurudumu la nyuma ni nene. Magunia yamefungwa kwa vipande vya mpira wa ndani uliochanwa, ambavyo hushika vema kuliko kamba, kwa sababu mzigo unapotikisika na kujipanga mpira hujikaza wenyewe. Mahali penye mlima mtu hushuka na kusukuma, mkono mmoja juu ya usukani na mwingine nyuma ya magunia. Mahali pa mteremko ni hatari zaidi, maana mzigo mzito namna ile haushikwi na breki mbili ndogo. Jambo hili wenyewe wanalijua, nao huteremka kwa kushikilia na kuegemea nyuma, kandambili za mpira zikikwaruza lami.

Kila miaka inavyopita msitu unasogea mbali na mji. Mtu ambaye baba yake alikata mti karibu na nyumba sasa hupanda kinga mpaka mbali ili apate mti wenye unene wa kufaa, na safari ya kurudi inamchukua usiku. Wala si kwa sababu anapenda kuuharibu msitu. Mjini nyumba nyingi hupika kwa makala, hata zile zenye waya wa umeme, maana umeme wenyewe hukatika. Kwa hiyo njia ya Likasi ni sehemu ya jiko la kila mama wa Lubumbashi, ingawa pengine hajaiona.

CHINI YA MWEMBE WA FUNDI

Karibu na soko la mtaa wa Kenya, kama ilivyo karibu na masoko mengine, utakuta mafundi wa kinga chini ya kivuli. Vyombo vyao ni vichache: nyundo, koleo, spana za ukubwa mbalimbali, pampu ya kusimama, beseni la maji ya kutafutia tundu, na kopo la gundi ya mpira. Niliketi kwa fundi mmoja, mtu wa makamo mwenye maneno machache. Kijana alikuja akisukuma kinga mpya, yenye rangi inayong'aa, kengele mbili na kioo cha kutazama nyuma.

"Jambo, Yaya," alisema kijana. "Nitilie kengele ya tatu."

Fundi aliinua gurudumu la mbele, akalizungusha, akakamata breki. Gurudumu liliendelea kuzunguka.

"Mdogo wangu," akajibu, "kengele inawaambia watu kwamba unakuja. Je, nani atakuambia wewe usimame?"

Kijana alicheka, lakini alitoa fedha, na kengele ya tatu haikutiwa.

Mimi namuunga mkono fundi yule. Kifaa cha kwanza ni breki, tena si ya nyuma peke yake. Watu wengi huogopa breki ya mbele wakidhani itawarusha kichwa chini, kwa hiyo huiacha ife. Kumbe breki ya mbele ndiyo yenye nguvu zaidi, kwa sababu kinga inapozuiwa uzito wote husogea mbele. Yatakiwa kuibana polepole, pamoja na ya nyuma. Na jueni hili: rimu za chuma zikilowa maji, breki za mpira huteleza juu yake, na kinga huhitaji nafasi ndefu zaidi ili isimame. Siku ya mvua anza kubana mapema, kwanza kwa wepesi ili kuyafuta maji, kisha kwa nguvu.

Kifaa cha pili ni upepo ndani ya mpira. Hakiuzwi dukani, na bado ndicho kinachokosekana zaidi. Mpira ulio laini huifanya kinga kuwa nzito, humchosha baba kabla hajafika kazini, na unapogonga ukingo wa shimo rimu hubana mpira wa ndani na kuutoboa matundu mawili madogo yaliyo sambamba. Ukiona matundu mawili namna hiyo, usitafute msumari barabarani. Hapakuwa na upepo wa kutosha. Pampu ndogo ifungwe kwenye fremu, na katika mfuko wa ngozi chini ya tandiko viwepo viraka, gundi, kipande cha msasa na vyuma viwili vya kutolea mpira wa nje. Wengine hutumia vijiko. Vijiko vyafaa, lakini ncha zake zifutwe kwanza kwa tupa, zisije zikatoboa pale pasipotoboka.

Mnyororo nao una habari zake. Vumbi jekundu la Katanga huingia kati ya viungo, likachanganyika na mafuta, likawa kama msasa. Anayemimina mafuta juu ya vumbi anauongezea msasa huo nguvu. Futa kwanza kwa kitambaa, kisha tia tone moja moja, kisha futa tena. Mnyororo huchakaa bila kuonekana, lakini rula ya mtoto wa shule itakuonyesha: katika mnyororo mpya, vipini 24 kutoka katikati ya kimoja huchukua milimita 305. Ukipima ukapata 308, badilisha mnyororo mara moja. Ukikawia, meno ya gia yataliwa pia, nawe utanunua vyote viwili.

Na tandiko? Nimeona watu wazima wanaopanda kinga kama wameketi juu ya kigoda cha jikoni, magoti yakigonga usukani. Wanainunua kinga, wanaipanda kama ilivyotoka dukani, kisha wanasema kinga inaumiza magoti. Keti juu ya tandiko, weka kisigino juu ya pedali iliyo chini kabisa; mguu unyooke. Ukiweka sasa sehemu ya mbele ya wayo, goti litabaki limekunjika kidogo, nayo ndiyo kadiri inayofaa. Kazi hii ni ya spana moja na dakika 2.

MPIRA HUU NA NCHI YETU

Nikimtazama fundi akiupaka mpira gundi, nakumbuka kwamba kitu hiki chepesi kina habari ndefu nzito katika nchi yetu. Baiskeli ya kwanza kufanana na hizi zetu, yenye magurudumu mawili sawa na mnyororo wa nyuma, ilitoka Uingereza mwaka 1885. Wakati ule magurudumu yalikuwa ya mpira mgumu, na safari ilivunja mgongo. Mwaka 1888, mjini Belfast, daktari wa mifugo aitwaye John Boyd Dunlop alifunga mpira wenye upepo kwenye gurudumu la baiskeli ndogo ya magurudumu matatu ya mwanawe. Katika miaka michache Ulaya yote ilitaka mpira wa namna hiyo, na baada ya baiskeli yakafuata magari.

Mwaka ule ule wa 1885 Mfalme Léopold II wa Ubelgiji alikuwa amejitwalia Kongo kuwa mali yake. Katika misitu ya Ikweta kulikuwa na mitambaazi ya porini yenye utomvu wa mpira, na watu wa vijiji walilazimishwa kuuleta kwa vipimo vilivyowekwa. Wanaume walipokwenda msituni, wake zao walishikwa rehani. Vijiji vilivyopungukiwa na vipimo vilichomwa, watu waliuawa, na mikono ilikatwa. Habari zilipoenea duniani kwa barua za wamisionari na kwa picha, mfalme alilazimika kuiachia nchi mwaka 1908, ikawa koloni la Ubelgiji. Mfanyakazi wa Élisabethville aliyenunua kinga yake miaka 40 au 50 baadaye alinunua mpira uliokwisha kutoka mashambani Asia. Lakini babu zake wengine, kama asili yake ni Ikweta, walijua mpira kabla ya kuona gurudumu.

GIZA, BARIDI NA MVUA

Lubumbashi iko juu, mita 1,200 hivi kupita bahari. Mwezi wa Juni jua huchomoza karibu saa 12 na nusu asubuhi, na hutua kabla ya saa 12 jioni. Mwenye kuingia kazini saa 1 asubuhi anatoka nyumbani gizani, na akitoka kazini saa 11 na nusu jioni anafika nyumbani gizani. Kwa hiyo taa ni ya lazima: nyeupe mbele, nyekundu nyuma. Dainamo inayosuguana na mpira haihitaji betri, lakini ina udhaifu wake, kwamba kinga ikisimama taa huzimika. Basi pamoja nayo pawe na kioo chekundu cha kurudisha mwanga kwenye madigadi ya nyuma, na vioo vya manjano kwenye pedali, ambavyo hupanda na kushuka na hivyo dereva hutambua mara moja kwamba ni mtu. Siku hizi ziko taa ndogo za betri zenye mwanga mkali, na nyingine hujazwa kwa jua. Asiye na fedha ya taa avae shati jeupe, afunge kitambaa cheupe nyuma ya kibebeo. Koti jeusi katika barabara ya Kasumbalesa si vazi la mtu anayetaka kuwaona watoto wake tena.

Nasema hivyo kwa kujua ninachosema. Barabara ile ya kusini-mashariki ndiyo mlango wa shaba na kobalti ya Katanga. Malori yaliyopakia hupita kwenda mpakani, na mengine huja na mafuta, kiberiti cha viwandani na unga. Kingo za lami zimeliwa, na kati ya lami na udongo huwa na ngazi ya kuangusha gurudumu. Tena, katika Kongo magari hupita upande wa kuume, lakini mengi ya Katanga yametoka nchi zinazopita kushoto, na usukani wake uko kuume. Dereva wa gari kama hilo, akitaka kumpita aliye mbele yake, haoni vema mpaka atokeze kushoto kuchungulia. Mwenye kinga anayekuja kutoka mbele hukutana naye hapo. Kwa sababu hiyo kioo cha kutazama nyuma, ambacho kijana wetu alijivunia, hakimwonyeshi hatari yote. Afadhali kuteremka kwenye udongo mapema, gurudumu likielekezwa nje kwa pembe, kuliko kungoja kusukumwa.

Baridi ya Juni na Julai huingia kwanza mikononi, na vidole vilivyokufa ganzi havibani breki. Soksi kuukuu zilizokatwa ncha hufanya kazi ya glavu. Gazeti lililokunjwa na kuwekwa kifuani chini ya shati huzuia upepo vizuri. Hili gazeti letu, mkishalisoma, latosha. Wanaotoka upande wa Kasumbalesa wakati wa kiangazi husukumwa mgongoni asubuhi na upepo wa kusini-mashariki, na jioni huulipa wote.

Mvua huanza kidogo kidogo mwezi wa Oktoba, wakati ambapo maua ya zambarau ya mijakaranda yametapakaa njiani na kuifanya lami kuteleza kama sabuni. Kuanzia Novemba mpaka Machi hunyesha kwa nguvu, mara nyingi baada ya adhuhuri. Koti refu la mvua halifai juu ya kinga, kwa sababu pindo lake huingia katika spoki. Bora lile lisilo na mikono, linalofunika usukani kama hema, na chini yake magoti yabaki huru. Nguo za kazi ziwekwe katika mfuko wa plastiki, viatu vya ofisini vivaliwe ukifika. Karani mmoja ninayemfahamu huacha jozi ya viatu chini ya meza yake majuma yote ya masika, na anaingia mjini kwa kandambili bila haya. Naye asiruke madimbwi asiyoyajua. Chini ya maji yale huenda kuna mtaro uliopoteza kifuniko.

MTOTO JUU YA KIBEBEO

Neno hili ni la wazazi. Asubuhi nyingi baba humpeleka mtoto shuleni kwanza, ndipo aende kazini, na mtoto huketi nyuma juu ya kibebeo, miguu ikining'inia. Barabara inaporuka, mguu mdogo hutafuta pa kujishikiza, ukaingia kati ya spoki na fremu. Kisigino huchanika, na pengine mfupa huvunjika. Waganga na wauguzi wa mahali popote penye kinga nyingi wanalijua jeraha hili. Tena ni polepole kupona, maana ngozi ya kisigino imesagwa, haikukatwa tu.

Dawa yake ni ndogo. Fundi hufunga ubao mwembamba au wavu wa waya pande zote mbili za gurudumu la nyuma, na chini yake huweka vyuma viwili vya kukanyagia. Kitambaa kilichokunjwa kifungwe juu ya kibebeo. Mtoto aketi akiwa amepanua miguu pande mbili, si upande mmoja kama mama aliyevaa kitenge, na ashike mkanda wa baba, wala si tandiko, ambalo chini yake lina springi za kubana vidole. Mtoto asiyeweza kushika kwa nguvu bado hajafikia umri wa kubebwa hivyo. Mama naye, akipanda, aukusanye mshono wa kitenge na kuuingiza chini yake. Siku hizi wako mafundi wanaofunga wavu wa nyuzi kwa ajili ya nguo.

Jioni njia hugeuka. Watu wa makala wanarudi na kinga tupu, wepesi, gunia la unga limefungwa pale yalipokuwa magunia matano. Waashi wana vumbi la saruji mpaka kwenye kope. Wa Katuba hufika upesi, wa Ruashi bado wako njiani giza linaposhuka, na wa vijiji vya mbali huwasha taa zao na kupita kwa kufuatana, mwenye taa nzuri akiwa wa kwanza na mwenye kioo chekundu akiwa wa mwisho. Mwenye nyumba akifika, mtoto mkubwa hutumwa kuipokea kinga mlangoni. Haiachwi nje. Husimamishwa ukutani karibu na kitanda, gurudumu la nyuma limefungwa kwa mnyororo na kufuli, humo humo ndani ya nyumba, na ufunguo huwekwa chini ya mto.